"Horse around": mwongozo kamili wa nahau ya Kiingereza ya kucheza na kufanya utundu

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, sasa zinaishi Ohio, Texas na Iowa nchini Marekani, na Manitoba nchini Kanada, na watoto wao wanasoma huko. Siku moja shule inaleta ujumbe mfupi: "Your son was horsing around in the hallway." Mzazi anajua kwamba "horse" ni farasi na "around" ni kuzunguka, lakini swali lake halijajibiwa. Mtoto amepigana? Ameonea mwenzake? Amevunja kitu? Jibu ni kwamba alikuwa akisukumana na kukimbizana na wenzake kwenye ujia, wakicheka, mahali ambapo hawakutakiwa kufanya hivyo. Ni kosa, lakini ni kosa la utundu. Mwalimu amechagua maneno yanayoonyesha kwamba haoni nia mbaya.

Hapo ndipo uzito wa nahau hii ulipo, na ndiyo sababu naona inastahili kujifunzwa kwa makini kuliko nahau nyingi za mazungumzo. Inataja tendo na papo hapo inatoa hukumu: walikosea, ila hawakukusudia ubaya. Ukiielewa, utajua ujumbe wa shule una uzito gani. Ukiitumia pasipo pake, unaweza kulifanya jambo zito lionekane jepesi.

Hatua ya kwanza: anza na mwili

"To horse around" ni kucheza kwa mwili, kwa nguvu na kelele zinazozidi kipimo cha mahali penyewe. Vijana wanaobebana mgongoni ndani ya darasa, watoto wanaopigana mieleka ya mzaha juu ya kitanda, wachezaji wanaorushiana maji na taulo chumba cha kubadilishia nguo: wote hao "are horsing around". Mikono na miguu inafanya kazi, na wahusika wanafurahi.

Kiswahili kina maneno mengi ya karibu, na kila moja linashika kipande chake. Kuchezacheza linagusa upande wa kukosa umakini. Utundu na utukutu yanaeleza tabia ya mtoto. Masihara na mzaha yanaonyesha kwamba mtu hayuko makini. Neno linaloponza wengi ni utani, kwa sababu utani wetu kwa kawaida hukaa ulimini. Mnyamwezi anayefika kwenye msiba wa Mzaramo na kuanza kumsema marehemu kwa deni lake la pombe anafanya utani wa heshima kabisa, lakini Kiingereza hakitauita "horsing around". Bibi anayemwita mjukuu wake mume wangu naye vivyo hivyo. Maneno ya kuchekesha yasiyo na purukushani ni "kidding around" au "joking around". Kumbuka hilo kila unapotaka kutafsiri sentensi kama "walikuwa wakitaniana": jiulize kwanza kama kuna aliyemgusa mwenzake.

Iko pia maana ya pili iliyozaliwa na ile ya kwanza, ya kupoteza muda kwa mambo ya kipuuzi wakati kazi inasubiri. "Stop horsing around and finish your homework" inaweza kuambiwa mtoto anayezungusha kalamu, anayemtupia dada yake karatasi, anayejibembeza kwenye kiti. Anayesema hivyo anataka kazi iendelee. Kwetu tungesema "acha mchezo, maliza kazi."

Kuhusu farasi mwenyewe: katika Kiingereza cha zamani jina la mnyama huyu liliwekwa mbele ya vitu vikubwa, vikali au visivyo na ulaini. "Horse laugh" ni kicheko kikubwa cha kukera, na "horseradish" ni mzizi wenye ukali unaopanda puani, unaoliwa pamoja na nyama. Nomino "horseplay", yaani mchezo wa nguvu usio na adabu, imo katika Kiingereza tangu karne ya 16. Kitenzi chenye "around" ni kichanga zaidi, kilienea Marekani katika karne ya 20. Mchezaji wa "horseplay", kwa hiyo, tangu mwanzo alikuwa mtu anayecheza bila kupima nguvu zake.

Hatua ya pili: msikilize anayesema

Sentensi ileile hubadilika uzito kulingana na kinywa inakotoka. Kuna sauti tatu ambazo utakutana nazo tena na tena.

Ya kwanza ni ya mkubwa anayekemea. Mzazi, mwalimu, kocha, msimamizi wa kazi: "Quit horsing around!" Amri hii hushuka kutoka juu kwenda chini, au hupita kati ya watu wa rika moja. Haipandi. Ukimwambia bosi wako au mzee wa kanisani "stop horsing around", umemgeuza mtoto mbele ya watu, na hata Mmarekani anayependa kuitana majina ya kwanza na wakubwa wake atashtuka. Kwa mtu unayetakiwa kumheshimu, acha nahau kabisa. Sema "Shall we get started?" na kila mtu atakuelewa.

Ya pili ni sauti ya mshtakiwa: "We were just horsing around." Sikiliza hilo neno "just". Limebeba ombi lote: hatukugombana, tulikuwa tunacheza tu, usilikuze. Watoto wa kila nchi wana utetezi huu, na sisi tunao wetu, "tulikuwa tunacheza tu, mwalimu." Utetezi huu umewahi kufika hadi Mahakama ya Rufani ya Uingereza. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1986, wavulana waliwarusha wenzao juu kwa mzaha, mmoja akapasuka bandama na mwingine akavunjika mkono. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyeamini kwa dhati kuwa mwenzake ameukubali mchezo wa namna hiyo, na asiyekusudia kuumiza, anaweza kujitetea kwa msingi huo. Neno wanasheria wanalolitumia kuzungumzia kesi hizo ni lilelile, "horseplay".

Sauti ya tatu ni ya shahidi anayesimulia. "They were horsing around and the lamp fell." Huyu anaeleza chanzo cha ajali bila kumpa mtu lawama ya makusudi. Ukiwa shahidi wa jambo, chagua nahau hii pale tu ambapo una hakika kwamba pande zote mbili zilikuwa zikifurahia.

Hatua ya tatu: iweke vizuri katika sentensi

Kitenzi hiki hakichukui mtendwa. Huwezi kusema "he horsed me around". Sentensi hiyo haipo. Mwenzako wa kucheza huletwa na "with": "He was horsing around with his cousins." Kitu kinachochezewa huletwa na "with" hiyohiyo: "Don't horse around with that ladder." Umbo la kutendwa nalo halipo, hivyo usijaribu kusema kwamba mtu "was horsed around".

Umbo linalosikika zaidi ni lile la "-ing", kwa sababu mchezo wa namna hii hukutwa ukiendelea. "Kids horsing around by the pool." "No more horsing around." Wakati uliopita "horsed around" ni sahihi, na hutumika kusimulia muda mrefu: "We horsed around all afternoon." Waingereza hupenda "about" mahali ambapo Wamarekani huweka "around", na kwa jambo hilihili wana vitenzi vyao wanavyovipenda zaidi: "mess about", "muck about", "lark about". Ukiwa London au Leeds, mtoto wako atarudi na "stop mucking about" kinywani kabla hajarudi na farasi.

Matamshi yana mtego mmoja kwetu. "Horse" si "house". Mwingereza hutamka kama "hoos" yenye o iliyovutwa na huiacha r. Mmarekani huitamka r waziwazi. Neno linaishia kwenye s kavu, bila i ya kusaidia mwishoni. "Horsing" nayo inabeba s hiyohiyo, isigeuke z. Ukisema "housing around", msikilizaji atadhani unazungumzia nyumba.

Hatua ya nne: watenganishe ndugu zake

Hapa ndipo wanaojifunza Kiingereza hupotea, kwa sababu kamusi nyingi huwapanga ndugu hawa wote kwenye mstari mmoja kana kwamba ni sawa.

"Monkey around" iko karibu sana, ila nyani huyu hupenda kugusa vitu: ni kuchezea kitu bila ujuzi au kufanya vituko. "Clown around" inahitaji watazamaji. Anayefanya hivyo anatafuta kicheko cha wengine. "Goof around" ni ya kujifurahisha bila lengo, laini na ya Kimarekani, lakini "goof off" ni kutega kazi, na bosi akiitumia kukuhusu ujue ana malalamiko. "Mess around" ni pana mno, inaingia karibu kila mahali, na kwa sababu hiyohiyo inabeba maana nyingi ambazo hukukusudia. Ondoa "around" ukaacha "mess with someone", na sasa unazungumzia kumchokoza mtu au kumzingua.

"Fool around" nataka tukae nayo kidogo. Ikiambiwa mtoto, maana yake ni kuchezacheza, basi. Ikisemwa kuhusu watu wazima wawili, masikio ya Mmarekani husikia kwanza mambo ya mapenzi, na mara nyingi ya siri. Mfikirie dada anayefanya kazi hotelini, ameona wenzake wawili wakirushiana mito wakati wa kutandika vitanda, naye anamwambia msimamizi kwa nia njema: "They were fooling around in room twelve." Amewachafulia jina bila kujua. Laiti angesema "horsing around", msimamizi angecheka au angewakaripia, na mambo yangeishia hapo. "Play around" ina hatari hiyohiyo, maana ikisemwa kuhusu mtu mwenye ndoa huchukuliwa kuwa ni kutoka nje ya ndoa. Kwa watu wazima wanaocheza kwa mwili bila mapenzi, "horse around" ndiyo salama kuliko zote, na hii ni sababu tosha ya kuijua hata kama hutakuwa na watoto shuleni.

Usiwachanganye ndugu hawa na nahau nyingine za farasi. "Hold your horses" ni kumwambia mtu asubiri, asiwe na pupa. "Straight from the horse's mouth" ni habari iliyotoka kwa mhusika mwenyewe. Hazihusiani na mchezo.

Hatua ya tano: iheshimu nomino ikiwa imeandikwa ukutani

Kitenzi ni cha mazungumzo, lakini nomino yake, "horseplay", imevaa sare ya kazini. Kwenye bwawa la kuogelea utaikuta kwenye bango: "No running. No diving. No horseplay." Bango hilo linakataza kusukumana majini, kuzamishana, kubebana mabegani na kurushana. Ukitafsiri kama "hakuna mchezo wa farasi" umempoteza msomaji. Ukitafsiri kama "hakuna kucheza" umemnyima hata kuogelea. "Msisukumane wala kuzamishana" inatosha na inaeleweka.

Kazini jambo hili linagusa mkate wa watu. Kanuni za shirika la serikali ya Marekani la usalama na afya kazini, OSHA, kuhusu foklifti (magari madogo ya kuinulia mizigo) zina sentensi fupi isiyoacha nafasi ya mjadala: "Stunt driving and horseplay shall not be permitted." Kuzungusha foklifti kwa madoido, kumkimbiza nayo mwenzako, kumbeba juu ya uma zake ili mpige picha, yote yamo ndani ya neno hilo. Miongozo ya viwanda na maeneo ya ujenzi hulitumia pia kwa mizaha ambayo wengi hawaioni kuwa hatari: kumpulizia mwenzako hewa ya kompresa, kumshtua mtu aliye juu ya ngazi, kurushiana vifaa badala ya kupeana mkononi. Hewa ya kompresa inaweza kupenya mwilini na kuua, na kanuni za OSHA zinataka hata ile ya kusafishia vitu ishushwe chini ya psi 30, yaani msukumo wa pauni 30 kwa kila inchi ya mraba. Ndugu zetu walioko kwenye maghala ya Marekani, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania walioko Ghuba ambako mabango mengi ya usalama yameandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, wasilipite neno hili.

Lina uzito wa fedha vilevile. Katika majimbo mengi ya Marekani, mfanyakazi aliyeumia kazini hupata fidia bila kuthibitisha kosa la mwajiri, lakini aliyeanzisha "horseplay" akaumia anaweza kuikosa. Aliyeumizwa na mzaha wa mwenzake bila yeye kushiriki kwa kawaida hulindwa. Kwa hiyo ukijaza fomu ya ajali, au ukimsaidia mwenzako kuijaza, usiliandike neno hili kwa sababu tu umezoea kulisikia. Andika kilichotokea: nani alimsukuma nani, nani alikuwa akifanya kazi yake, mashine ilikuwa wapi. Na ukiulizwa "Was there any horseplay?", hakikisha umeelewa swali kabla ya kutikisa kichwa kwa adabu. Ukiwa na shaka, una haki ya kuomba mkalimani.

Kisarufi, "horseplay" haihesabiki. Hakuna "a horseplay" wala "horseplays". Sema "some horseplay", "a bit of horseplay", au "horseplay" peke yake.

Hatua ya sita: jua inapokoma

Nahau hii inafaa maadamu wote wanacheza. Watafiti wa michezo ya watoto wameeleza dalili ambazo mzazi yeyote anaweza kuziona: katika mchezo, nyuso zinacheka na viganja viko wazi, wanapokezana kukimbiza na kukimbizwa, mwenye nguvu hujizuia ili mdogo naye ashinde, na mchezo ukiisha wanabaki pamoja. Katika ugomvi uso umekaza, ngumi zimefungwa, mmoja tu ndiye anayepigwa, na ukiisha kila mtu anakwenda njia yake.

Kwa hiyo mtoto akirudi nyumbani analia, na shule ikaandika kwamba wavulana "were horsing around", muulize mwanao maswali ya aina hiyo kwa upole. Mlikuwa mkipokezana? Uliwaambia waache? Waliacha? Kama alisema acheni wakaendelea, basi neno lililoandikwa halitoshi, na una haki ya kujibu shule kwa sentensi ya wazi: "My son did not see this as horsing around. He asked them to stop and they did not." Sentensi hiyo haina matusi, haina kelele, na inalirudisha jambo mahali pake.

Hali ni hiyohiyo kwa kushikwa mwili kazini. Anayemshika mwenzake wa kike, au wa kiume, bila ridhaa, kisha akasema "I was just horsing around", anaitumia nahau kama kichaka cha kujifichia. Usimsaidie kwa kuitafsiri kuwa utani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hatua ya saba: jaribu mwenyewe

Chukua sentensi hizi za Kiswahili na uamue kitenzi cha kutumia kabla ya kusoma jibu.

"Watoto walikuwa wakirukaruka kwenye kochi, wakavunja chombo cha maua." Kuna mwili, kuna furaha, kuna mahali pasipofaa. "The kids were horsing around on the couch and broke a vase."

"Shemeji alikuwa ananitania tu kuhusu upishi wangu." Hapa ni ulimi. "My brother-in-law was just kidding around about my cooking." Ukiweka farasi hapa, msikilizaji ataona picha ya shemeji akikufukuza jikoni.

"Jamani, tuache mchezo, wateja wanasubiri." Mwanzoni mwa sentensi ya namna hii Kiingereza huweka "come on" au "okay, guys", na kwa wenzako wa rika moja, "Okay, guys, let's stop horsing around, customers are waiting" inakubalika. Ukiwa na wazee katika kundi, "let's get back to work" inatosha.

"Fundi alikuwa anachezeachezea nyaya bila kuzima umeme." Wengi hukimbilia "horsing around with the wires", na si kosa ikiwa fundi alikuwa akifanya mzaha. Kama alikuwa anajaribujaribu tu bila ujuzi, "monkeying around with the wires" inapiga karibu zaidi.

"Walimpiga akalia, halafu wakasema ni mchezo." Hii usiiweke kwenye nahau yoyote kati ya hizi. "They hit him until he cried, and then they said it was a game."